Bibi aliyenilea amefariki, naogopa kumsahau. Nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nafanya kazi Dar es Salaam. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea tangu nikiwa mdogo, mama alipoolewa Arusha. Amefariki mwaka huu na arobaini yake tumeshaisoma. Kila nikitaka kuandika habari zake naandika "alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye upendo", kisha kalamu inasimama. Juzi nilijaribu kuisikia sauti yake kichwani, sikuipata, nikalia kama siku ya msiba. Mama mkubwa ananiambia siku tatu za kulia zilishakwisha, eti namtesa marehemu. Nyumba yake inazungumzwa kuuzwa. Nina ujauzito, na mtoto akiwa wa kike natamani nimpe jina la bibi, ila upande wa mume wangu nao wana bibi yao. Nimkumbuke vipi?

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Aliyekulea tangu utotoni ni mama, hata kama ulimi umezoea kumwita bibi, na msiba wake ni msiba wa mama. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu mara nyingi husahauliwa msibani. Watu wanakwenda kuwapa pole watoto wa marehemu, na mjukuu anapewa masufuria ya kuosha. Halafu shughuli zikiisha yeye ndiye anayebaki na pengo ambalo hakuna aliyemuuliza habari zake.

Nianze na sauti, maana naona ndiyo inayokuchoma. Kuikosa kichwani si kumsahau. Akili ya binadamu hutambua kwa wepesi zaidi kuliko inavyokumbuka bila kusaidiwa. Mfikirie jirani yenu wa zamani ambaye hujamsikia miaka mingi: ukiambiwa uisikie sauti yake kichwani utakwama, lakini akipiga hodi mlangoni unamjua kabla hajakaribishwa. Sauti ya bibi yako imo, inangoja kuamshwa, na kinachoiamsha ni sauti yenyewe.

Kwa hiyo leo hii tafuta kwenye simu yako na simu za ndugu zako ujumbe wowote wa sauti aliowahi kutuma. Wazee wengi hawaandiki, hubonyeza maikrofoni wakasema. Hata ule wa sekunde nne wa kuuliza kama umekula ni mali. Usitegemee nakala ya akiba ya WhatsApp iliyoko kwenye Google Drive, kwa sababu ile ni fungu moja lililofungwa. Huwezi kuchomoa humo sauti moja ukaisikiliza. Toa kila ujumbe, uuhifadhi kwenye kompyuta, kwenye fleshi, na kwa barua pepe kwa ndugu mmoja mwenye utulivu. Uupe kila mmoja jina lenye tarehe na maneno machache ya kueleza anasema nini. Tena fanya upesi: akaunti ya WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa, na picha aliyoiweka pale inakwenda nayo. Laini nayo ikiachwa hufungwa, namba akapewa mtu mwingine. Nimekaa na wafiwa waliopiga namba ya marehemu wao ili tu waione inaita, akapokea kijana asiyewajua. Ni maumivu yasiyo ya lazima. Piga picha ya skrini sasa, kisha namba iache iende zake.

Kuhusu kulia. Mama mkubwa wako ana nia njema, na hizo siku tatu hakuzitunga yeye. Katika Uislamu mwanamke asiyefiwa na mume hakai katika hali ya maombolezo, kuacha mapambo na mengineyo, zaidi ya siku tatu. Lakini hilo ni la hali ya nje. Machozi ni jambo jingine. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na alipoulizwa akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga na kurarua nguo. Wewe unalia chumbani kwako. Kama neno la mama mkubwa bado linakukwaza, kaa na sheikh unayemwamini, muulize kwa adabu mama mkubwa akiwepo, likatike.

Huenda pia umesikia habari ya hatua tano za msiba: kukataa, hasira na kadhalika mpaka kukubali, na mtu akashangaa kwa nini wewe hujafika mwisho. Mpango ule ulitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, na aliutoa katika mazungumzo yake na wagonjwa wanaokaribia kufa, si wafiwa. Kuugeuza ngazi ambayo kila mfiwa lazima apande kulikuja baadaye, na kumewatesa watu wengi. Mwaka huohuo wa 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika jambo ambalo sisi tulilijua kwa matendo: katika fikra za Kiafrika aliyekufa bado yumo katika jamaa maadamu wapo waliomjua kwa jina na kwa sura. Huko Magharibi wataalamu walianza kukubali hasa katika miaka ya 1990 kwamba mfiwa mwenye afya hakati uhusiano na marehemu, anauendeleza kwa namna nyingine. Soma tena maneno ya Mbiti: waliomjua. Humo ndimo ushauri wangu wote ulimo. Kumbukumbu ya bibi yako sasa hivi iko ndani ya watu walio hai, wengi wao wazee, na kila msiba mwingine unaondoka na kipande chake. Nguo na picha zitangoja kidogo. Wazee hawatangoja.

Sasa kalamu yako inayosimama. Inasimama kwa sababu "mpole, mcha Mungu, mwenye upendo" husemwa juu ya kila kaburi, na akili yako inajua kwamba huyo si bibi yako bado. Sifa huja mwisho, tena huwa hazihitajiki kabisa. Anza na matendo, na matendo utayapata kwa kuuliza watu maswali madogo yenye mahali na wakati ndani yake. Ukimwuliza mzee "bibi alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu "alikuwa mtu wa watu", mtanyamaza wote wawili. Muulize alipohamia mtaa huu mara ya kwanza alikuja na nini. Mvua ya usiku ikivuja alikuwa anafanya nini, anamwita nani. Alikuwa anakopa duka gani. Aligombana na nani, kwa ajili ya nini, na nani aliwapatanisha. Alipokuwa mwari alifundwa na nani. Kwenye arusi alikuwa wa jikoni, wa ngomani, au wa kukaa na bibi harusi ndani? Chama cha kufa na kuzikana alikuwa na cheo gani? Nani alimfundisha kusoma msahafu? Na muulize kila mmoja swali hili, huzaa kuliko mengine: ni neno gani alilokuwa akilisema peke yake, akidhani hakuna anayemsikia?

Usianzie kwa wajomba. Watoto wanamjua mama, na mama ni upande mmoja tu wa mwanamke. Anza kwa shoga zake, mawifi, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akisuka naye ukili, mke mwenzake kama alikuwa naye na yu hai. Nenda baada ya alasiri, shughuli zimepungua, na sukari na majani ya chai mkononi. Usimwekee mzee simu usoni kama polisi. Omba ruhusa ya kurekodi, iweke kwenye mkeka kifudifudi, kisha mwachie kazi yake ya mikono. Anayechambua mchele anaongea vizuri kuliko aliyekalishwa kitini kuongea. Wakiwa wawili ni bora zaidi, maana mmoja atasema "haikuwa kabla ya vita, ilikuwa baada", na hapo ndipo habari inapofunguka. Ukirudi andika siku hiyohiyo: nani kasema, wapi, tarehe gani. Habari mbili zikipingana ziandike zote, usichague.

Utakwama kwenye miaka. Wengi wa rika la bibi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, na ile ya kitambulisho mara nyingi ilikadiriwa dirishani. Tumia mambo ambayo nchi nzima inayakumbuka. Wakati wa Uhuru, Desemba 1961, alikuwa ameshavunja ungo? Ameolewa? Enzi za mkonge, Tanganyika ilipokuwa ikiongoza duniani na kuvuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, kuna mtu wa nyumba yenu aliyefanya kazi ya kipande? Na bei ilipoanguka waliishi kwa nini? Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kwenye redio kisha wakachimba vyoo: yeye alikuwa kikundi gani? Kisomo cha watu wazima alikwenda, au alizuiwa? Operesheni Vijiji iliwahamisha? Vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, ilimchukua nani? Na zile foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na sukari na hata sanda vilipokuwa vya kutafuta, alikuwa anapanga foleni wapi na nani alimshikia nafasi? Mzee asiyeweza kukwambia mwaka atakwambia bila kusita kwamba mama yako alizaliwa siku zile za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Sasa umeupata mwaka kwa ukaribu.

Kama moyo unakwambia kwamba maisha ya mwanamke wa kawaida hayastahili daftari zima, mkumbuke Shaaban Robert, mtu wa mkoa wenu wa Tanga. Aliyachukua maisha ya Siti binti Saad, binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajajulikana kwa kuimba, akayaandika kitabu. Siti alifariki 1950. Sauti yake imebaki kwenye santuri, lakini kwamba alitembeza vyungu, na dharau alizokutana nazo mjini, tumebaki nazo kwa sababu kuna mtu aliyejali kuziandika.

Kuhusu vitu nitakuwa mfupi, isipokuwa khanga na kikombe.

Nguo za marehemu kwetu hugawiwa, na ni vizuri zigawiwe; ni sadaka na ni msaada. Lakini kabla hazijatoka ndani, omba ukae na sanduku lake kwa saa chache. Tandaza kila khanga sakafuni, ipige picha nzima, kisha piga jina lake peke yake, yale maneno ya pale chini. Mwanamke wa pwani hanunui khanga kwa rangi tu. Kuna iliyonunuliwa ili jirani asome, kuna aliyopewa na mume baada ya kumuudhi, kuna ya sare ya arusi fulani. Angalia na maandishi madogo ya ukingoni: K.H.E. Mali ya Abdulla ni ya Mombasa. Yenye alama ya Urafiki imetoka kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza 1968, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Chukua picha hizo uwapelekee shoga zake. Swali la "hii alimvalia nani?" linafungua midomo ambayo maswali mengine yote yameshindwa. Ukiruhusiwa kubaki na moja, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Joto la pwani litaiotesha ukungu. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, uitoe upeponi mara kwa mara, na uifukize udi kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.

Kikombe ni hivi. Mapishi ya bibi hayakuwa na gramu. Yalikuwa na kikombe chake kile, cha bati au cha plastiki kilichopasuka mdomo, na kiganja chake. Tuseme ni mkate wa kumimina. Ukimwuliza mama mkubwa atakwambia: mchele uliolowekwa vikombe vitatu, tui zito, sukari, hamira, iliki, moto juu na chini. Ukienda nayo Dar ukipima kwa kikombe cha dukani, mkate unakataa kupanda au unakuwa mzito, nawe unadhani bibi aliondoka na siri. Mara nyingi siri ni kikombe. Omba kikombe hicho kabla hakijatupwa na takataka za kuhamia, kijaze mchele, kipime kwenye mizani ya duka, uandike. Jaza tena tui. Kisha mpate aliyekuwa akimsaidia jikoni, apike mbele yako, na kila anapotaka kumimina kwa mkono mkinge kwa bakuli upime kwanza. Atakasirika. Mvumilie, mwulize tui alikuwa analichuja kwa kifumbu mara ngapi, na unga ulikaa muda gani kabla ya kuuita umeumuka. Mambo ya namna hii hayapatikani popote pengine.

Picha za karatasi: usizipeleke stationari kufunikwa plastiki. Watu wengi wanadhani wanazihifadhi, kumbe ule moto na gundi huziharibu na haziwezi kutolewa tena. Zipige picha kwa simu kivulini, mchana, bila mwanga wa simu, na nyuma uandike kwa penseli laini majina ya waliomo. Kalamu ya wino hupenya mbele.

Sasa jambo gumu kidogo. Katika kuuliza utaambiwa mambo ambayo hukuyatarajia. Pengine bibi aliwahi kumfukuza mkwe, au alikuwa mchoyo mwaka wa njaa, au alimpenda mtoto mmoja wazi kuliko wengine. Sisi husema marehemu hasemwi vibaya, na ninaliheshimu neno hilo. Aibu za watu zisitolewe uwanjani. Lakini kutomtangaza mtu aibu hakuna maana ya kumfanya malaika. Bibi asiye na ukali, wivu wala kosa hatambuliki hata na watoto wake, na wajukuu watakaosoma daftari lako hawatamwona. Mimi ningeyaandika yote kwenye daftari lako mwenyewe, na lile litakalosomwa mbele ya familia ningeliondolea yanayoweza kumuumiza aliye hai. Aliye hai ndiye kipimo changu. Nimeona pia kwamba mjukuu akijua bibi alikuwa na hasira, humsamehe na kumpenda kwa namna iliyotulia zaidi. Huo upendo haumwogopeshi kwamba utavunjika.

Nyumba ni suala la mirathi, na mwenye kauli ni msimamizi atakayethibitishwa na mahakama pamoja na warithi. Usiingie kwenye ugomvi huo kwa jina la kumbukumbu. Utapoteza wajomba kwa kuta. Omba kitu kimoja tu ambacho hakuna atakayekunyima: siku moja ya kuipiga picha kabla ya kuuzwa. Anzia barazani, uingie mlangoni kama mgeni anavyoingia, ukumbi, chumba chake, uani, jikoni, mbuzi ya nazi ilipokuwa ikikaa, kisima. Rekodi video ukiwa unasema kwa mdomo: hapa alikuwa analala, dirisha hili alilifungua alfajiri. Chora na ramani ya kaburi, hatua ngapi kutoka mti gani au ukuta gani. Makaburi ya familia hujaa, na vijiti vya kichwani huoza.

Ukiuliza kwa upande wa dini kinachomfikia ni nini, unaijua hadithi: mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Nawashauri wafiwa walingane na uwezo wao na wasikope kufanya hitima kubwa kwa ajili ya macho ya watu. Msahafu kwenye chuo alichosomea, mchango wa kukarabati kisima cha mtaa, dua baada ya sala, vyote vinatosha. Kama kulikuwa na mtu ambaye bibi alikuwa akimpelekea chakula kila Ijumaa, na kwa kina bibi wa rika lake huwa yupo, mtafute uendeleze, hata kama ni kilo moja ya mchele kwa mwezi. Mtu huyo naye ana msiba, na hakuna aliyempa pole.

La mwisho ni jina. Familia nyingi za kwetu humwita mtoto kwa jina la bibi au babu, lakini zamu hutofautiana. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, utaratibu uko wazi: binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Pwani hatuna sheria ngumu hivyo, ila desturi ya kuuheshimu upande wa baba ipo, na mama mkwe wako anaweza kuumia kimyakimya. Usilifanye liwe la kushindania. Zungumza na mume wako mapema, mkiwa wawili, mwambie bibi alikuwa nani kwako, kisha yeye ndiye aliseme kwa wazazi wake, lisitoke kinywani mwako. Wakikataa, mpeni mtoto jina lao kwenye cheti, na la bibi mlitumie nyumbani. Watoto wengi wa pwani wana jina la shule na jina la nyumbani, na wanaitika yote mawili. Na akizaliwa mwanamume, usihuzunike. Mapishi, khanga na zile sauti ni zake vilevile.